Kigari cha mtoto Venice, mlisema nitasukuma mwanzo mwisho

Habari za kazi,

Nawaandikia kuhusu safari ya Italia mliyotuuzia mwezi wa nne, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miezi 9. Nimekaa wiki mbili nikisubiri hasira zipoe ndo niandike lakini kwa kweli bado ninazo.

Kabla sijalipa nilikuja ofisini kwenu hapo Dar nikamuuliza dada wa mapokezi, hivi Venice nitaweza kutembea na kigari cha mtoto? Akanijibu palepale, "dada usiwe na wasiwasi, mji mzima hauna magari, utasukuma tu mwanzo mwisho". Na kweli magari hamna, hapo hakunidanganya. Ila hakuniambia ule mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100, una madaraja zaidi ya 400 na mengi yake ni ya ngazi, unapanda ngazi unashuka ngazi. Yaani mtu anauza Venice kwa wenye watoto wachanga halafu hilo halijui jamani?

Tumeshuka treni Santa Lucia, ukitoka tu stesheni unakutana na daraja la ngazi la Ponte degli Scalzi, na hoteli mliyotuwekea iko ng'ambo. Kwenye karatasi yenu mmeandika "dakika 10 kwa miguu". Baba Nasra kashika kigari mbele mi nimeshika nyuma, mtoto ndani analia, tukifika juu mi nabaki naye baba anarudi chini kufata mabegi, watu wanatupita wanatusukuma, tukashuka upande wa pili tukashukuru Mungu tumemaliza, kukata kona kumbe kuna lingine. Tulihesabu matano mpaka mlangoni, karibu saa nzima. Daraja la tatu gurudumu la mbele likagonga ule ukingo wa jiwe jeupe wa ngazi likapinda, tangu hapo kigari kinavuta kulia mpaka leo.

Kesho yake nikatoa kanga nikambeba mwanangu mgongoni, na hapo ndo nikaanza kuuona mji. Mji ni mzuri sana. Nimesimama juu ya Rialto, daraja lililomalizwa mwaka 1591, mtoto kalala mgongoni, boti zinapita chini, nikafurahi kwa kweli. Lakini mbeleko yangu, ile ya kitambaa kizito, niliiacha nyumbani kwa ajili ya maneno yenu, siku tatu namfunga mtoto wa kilo 9 kwa kanga nyepesi, kila baada ya muda inalegea nasimama kando ya mfereji nafunga upya huku roho iko juu, maana pembeni ya maji sehemu nyingi hamna hata kizuizi.

Baba akichoka, au mimi mgongo ukinichoka, tunakimbilia vaporetto, zile boti za abiria ambazo ndo daladala zao. Tiketi moja euro 9.50 na ni ya dakika 75 tu! Tukakata za saa 72, euro 45 kila mmoja, hela ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ilikuwepo. Manispaa ya Venice inatoa ramani inayoonyesha maeneo unayofika kwa boti bila kuvuka daraja la ngazi, mimi mwenyewe nimeipata kwenye simu nikiwa hotelini usiku wa pili. Na Lido, kisiwa cha pembeni ya mji, ni tambarare, kuna barabara na mabasi, mngetuweka Lido tungeshuka na boti hadi San Marco, ule uwanja mkuu wa mji, na kigari chetu bila shida.

Naomba mnirudishie hizo euro 90 za boti na gharama ya kutengeneza gurudumu, risiti zote ninazo. Na ile "dakika 10" ifuteni leo, muandike idadi ya madaraja, maana sa hivi kuna mama mwingine amekaa kwenye kiti kilekile anauliza swali lilelile.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Mkitaka nije ofisini nitakuja, na kigari nitakuja nacho mkione.

Mteja wenu,
Mama Nasra