Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga mnaopanda Usambara na wageni

Wajukuu zangu,

Nimesikia kijiweni, hapa Barabara ya 12, kwamba mwezi wa saba mnapokea wanafunzi wenzenu kutoka Uingereza. Wiki ya kwanza mnatembea nao milimani kutoka Lushoto hadi Mtae, ya pili mnajenga darasa. Nimefurahi. Na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza neno, nimeamua kuandika.

Mimi ni fundi mwashi. Nimeshika mwiko miaka arobaini, nusu ya nyumba mnazopita Ngamiani mikono yangu imezigusa. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye kazi kama hii yenu, shule moja ya msingi huko huko milimani, jina lake nalihifadhi. Wageni walikuwa kumi na sita, watoto wa umri wenu. Kiongozi wao akataka kila mmoja apange tofali kwa mkono wake. Nani angekataa? Wametoka mbali, wazazi wao wamelipa, wengine wameuza keki na kuosha magari mwaka mzima ili wapate nauli. Nikawagawia miko. Nikafunga kamba, nikaonyesha pima maji inavyosomwa, wakaitikia kwa vichwa. Kufika kozi ya sita, yaani mstari wa sita wa matofali, ukuta ulikuwa umetoa tumbo kama mtu aliyeshiba pilau ya harusi.

Jioni walipokwenda kuoga, mimi na saidia fundi wangu wawili tukawasha karabai. Tukabomoa kozi nne, tukakwangua udongo kwenye matofali moja moja, tukapanga upya hadi saa sita usiku. Asubuhi akaja binti mmoja mwembamba, alikuwa amechora nyota ndogo kwa msumari kwenye tofali lake. Akalitafuta. Akaenda huku, akarudi kule, akapapasa ukuta mzima. Tofali lenyewe tulikuwa tumeligeuza, nyota ikatazama ndani. Mwalimu mkuu akaangalia juu, nami nikajitia kuchanganya udongo.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi kuliko nyumba zote nilizojenga, na aibu naiona yangu. Ningemwambia tu: mwanangu, hapa haijakaa, timazi, huu uzani wa kamba unaopima wima wa ukuta, imekataa, bomoa tuanze. Angenuna kidogo, kisha angejifunza. Saidia fundi wangu mtoto wa Bumbuli nilimbomolea mara ngapi? Yeye nilimheshimu vya kutosha kumwambia amekosea. Yule binti nilimfanya mgeni tu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja. Wageni wenu wawe saidia fundi, nanyi muwe saidia fundi pamoja nao. Wachekeche mchanga, wabebe karai, wachote maji, wamwagilie ukuta asubuhi na jioni usije ukakauka upesi ukapasuka. Hiyo ni kazi kamili, na mgongo utawaambia. Mwiko ubaki kwa fundi wa kijiji, naye alipwe ujira wake, kwa sababu watoto ishirini wakifanya kazi yake bure yeye anakaa nyumbani wiki nzima akiwaangalia wanawe. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni mpe jembe. Hawakusema mpe mwiko.

Na nyinyi msinifanye nione haya. Safari ile vijana wetu waliochaguliwa waligeuka wakalimani wa kivulini. Mzungu anabeba maji, mtoto wa Tanga amekunja mikono anapiga picha. Kina mama wa kijiji, ambao kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hukutoza faini usipotokea, waliangalia tu. Wakaongea Kisambaa wakidhani sisikii. Mimi mzaliwa wa Bumbuli, nilisikia kila neno.

Tukiwa hapo hapo milimani: mtakapopita msitu wa Magamba na mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya marefu, akaruka juu yenu, weupe wa mabega yake ukining'inia, mtaulizwa habari zake. Wasimulieni Mbegha, mwenye jina kama lake. Alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, mgeni kabisa Usambara. Alikuta nguruwe pori wanamaliza mashamba ya watu, akawinda nguruwe, akagawa nyama, watu wakampa vyakula vya shamba. Baadaye akaua simba, na Wasambaa wakamfanya mfalme pale Vuga. Wazee wangu walipenda kisa cha simba. Mimi napenda cha nguruwe, maana alifanya kazi ambayo wenyeji walikuwa wanaitaka. Basi kabla ya wageni kufika, mmoja wenu aende shuleni akaulize kama kweli wanachotaka ni darasa. Huenda wanataka choo cha wasichana, au tangi la maji ya mvua. Darasa linapendeza kwenye picha, choo hakipendezi.

Lingine la kuwasimulia: mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kiua kidogo cha zambarau kinachoota kwenye mawe yenye kivuli. Leo kinakaa kwenye madirisha ya Ulaya nzima, na wataalamu walikiita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Huenda bibi wa mgeni wako anacho jikoni. Mwambie kilitoka kwetu.

Miguu yenu sina imani nayo. Wageni watakuwa wamefanya mazoezi. Nyinyi mmetembea lini kutoka Raskazone hadi Sahare? Bodaboda zimewamaliza. Raba zilizolika soli ziacheni nyumbani, udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni. Julai Lushoto ni baridi ya kweli, tafuteni sweta kwenye mitumba sasa. Rangwi usiku mtanikumbuka. Asubuhi mkikutana na mzee njiani msalimieni kwa Kisambaa, “onga maundo”, msipite kimya kama mbuzi.

Pipi za kurushia watoto barabarani, hapana. Kumwomba mgeni simu yake siku ya kuagana, hapana, na hili sitalieleza zaidi. Mwulizeni pia mwalimu wenu kama mambo ya Uhamiaji yamekwisha: viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea.

Kabla ya kuondoka piteni kwangu. Timazi yangu ya shaba bado ninayo, nimeitia kamba mpya. Nawaazima. Mpeni fundi wa kule, na mwambieni aitundike mahali ambapo kila mtoto ataiona, wao na nyinyi. Irudi na kamba yake.

Babu yenu, fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga