Barua kwa Chebet: naomba unichukulie bloku ya maabara ya Rose

Donholm, Nairobi

Chebet wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mguu wa mama je? Sisi tupo, maji ndiyo hayapo, lakini hiyo si habari tena. Najua nimekuwa kimya tangu arusi ya Mutiso, na leo naandika kwa sababu nina shida. Nitukane sasa hivi, ukifika katikati ya barua uwe umemaliza.

Ni Rose. Kile kinyama walichomtoa kwenye titi huko Nakuru, majibu yalisema saratani. Tumeshalia, na Mama Brayo ameshatuletea wachungaji wa kila dhehebu, mmoja akala chapati sita akasahau kuomba. Kinachoninyima usingizi ni ile ripoti.

Imeandikwa: kipokezi cha homoni ya estrojeni hasi, cha homoni ya projesteroni hasi, HER2 sifuri. Yaani hasi zote tatu. Daktari wa huku alitueleza kwamba hizo ni protini za kwenye seli za uvimbe, na ndizo zinazosema dawa gani itafanya kazi na ugonjwa unaweza kwenda vipi. Mwenye kipokezi cha estrojeni hupewa vidonge kama tamoksifeni, kila siku, miaka 5 au hata 10. Mwenye HER2 nyingi ana dawa yake, trastuzumabu. Asiye na hata moja hutegemea kemo zaidi, zile dawa kali za kuua seli za saratani. Na ugonjwa ukirudi, huo wa hasi tatu mara nyingi hurudi mapema, miaka michache ya kwanza. Ule wa estrojeni ni mjanja, unaweza kunyamaza zaidi ya miaka 10 ndipo uzuke.

Rose aliposikia "hasi tatu" akaanza kugawa vyombo vyake. Eti mimi nichukue sufuria kubwa! Nikamwambia hata HER2 zamani ilikuwa habari mbaya, mpaka hiyo dawa ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998, na sasa wengi wanafanya vizuri. Hakutaka kusikia.

Lakini daktari mwenyewe aliisoma ripoti mara ya pili akakunja uso. Uvimbe wenyewe ni wa daraja la 1, seli zinafanana sana na za kawaida, na Ki-67, ile protini inayoonyesha seli zinazogawanyika, ni asilimia 5 tu. Uvimbe mpole hivyo karibu kila mara huwa na kipokezi cha estrojeni. Akasema hapa kuna kitu hakilingani. Akamuuliza Rose kinyama kiliwekwa wapi. Ndipo tukasikia kwamba kilikaa kwenye chupa ya maji ya chumvi tangu asubuhi hadi alasiri, watu wakitafuta fomalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisiharibike! Kinatakiwa kiingie fomalini ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, protini zinaharibika, rangi ya maabara haishiki, na mtu anaandikiwa hasi ambayo si hasi. Halafu ripoti haisemi kama seli za kawaida zilizo kando ya uvimbe zilishika rangi. Kama hata hizo hazikushika, basi kipimo ndicho kibovu. Nilitaka kupanda gari nije nigombane na mtu.

Badala yake nakuomba wewe. Nenda maabara ile uchukue bloku ya nta, ile yenye kinyama ndani, ili ikatwe upya na kupimwa huku. Ikionekana kimeharibika kabisa, atatolewa kingine, lakini daktari anataka tuanze na hicho. Wakikupa slaidi peke yake, vile vioo vyenye vipande vyembamba vya kinyama, kataa, hizo zimeshapakwa rangi. Hakikisha nambari ya bloku ni ile ya kwenye ripoti. Barua ya idhini ya Rose na nakala ya kitambulisho chake nimekutumia kwa simu, zichapishe. Usiipe matatu kama kifurushi, tafadhali, na usiiache kwenye gari juani, nta inaweza kuyeyuka. Rose hajaambiwa kwamba huenda majibu yakabadilika. Sitaki afurahi bure, ingawa mimi mwenyewe nimeshaanza kufurahi.

Sasa niambie: bado uko zamu za usiku? Unaweza kupita huko wiki hii? Shemeji bado anakuja Nairobi Ijumaa na lile pikapu, au liliuzwa? Yule Kamau wa darasa letu si yuko pale mapokezi, au alihama? Wakidai ada ya kutoa bloku, ni pesa ngapi? Na wewe, titi lako ulilosema linauma mwaka jana, ulienda kuangaliwa au ulinidanganya?

Nauli nimeituma kwa M-Pesa. Usithubutu kuirudisha.

Wako,
Wanjiru

Sufuria nimeichukua, lakini ni kwa muda tu.