Mwanangu, kabla hujalipia gari hilo

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Moshi. Sote wazima. Baridi ya mwezi wa saba ndiyo inayotusumbua, ukungu unakaa mpaka saa nne na mlima hatuuoni. Mama yako anakusalimu, anauliza kama zile ndizi ng'ombe alizokutumia kwa gari la Noah zilifika salama.

Ujumbe wako kuhusu gari nimeusoma, na swali lako nimelifikiria vya kutosha. Kwamba gari lako la sasa, Altezza, limefika mwisho sishangai. Magari yale yalianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na kiwanda kikaacha kuyatengeneza 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote sasa ni mzee. Kama giaboksi inalia na oili unaongeza kila wiki, fundi wako amekwambia kweli: usiweke tena hela humo. Sasa unasema umebakiza matatu ya kuchagua, Mark X yenye injini ya sisi (cc) 3,500, Subaru WRX STI, na Toyota 86, na umetaka nikwambie ninaloliona.

Kwanza ujue kwamba gari la spoti sikukatazi. Wapo watakaokuambia mwanamke anunue kigari cha kwendea sokoni na kanisani. Mimi sioni kwa nini. Fedha umeitafuta mwenyewe, na mapenzi yako ya injini nayajua tangu ulipokuwa unanikabidhi spana pale kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Tena gari la spoti lililotunzwa lina breki kubwa, matairi yanayoshika lami na usukani unaotii haraka. Hivyo vyote vinamfaa mtu wa baiskeli aliye mbele yako, ikiwa tu dereva amemwona. Kwa hiyo mimi magari yako yote matatu nimeyapima kwa jambo hilo: ukiwa umekaa humo ndani, Sokoine Road hapo Arusha saa kumi na moja jioni, unamwona nani na humwoni nani?

Mark X niliiondoa mapema. Ni gari tulivu na lina milango minne, lakini nguvu za farasi zaidi ya 300 huna pa kuzitumia kati ya Mnara wa Saa na Kaloleni. Sisi zikizidi 2,000 ushuru nao unapanda, na umri wa gari ukizidi miaka 8 watu wa mapato, TRA, wanaongeza mwingine wa uchakavu, ukizidi 10 unaongezeka tena. Petroli utaisikia mwenyewe.

Subaru ndiyo iliyonipa kazi, kwa sababu najua moyo wako uko huko. Ni gari la heshima, linavuta kwa magurudumu yote manne, na kwa barabara za vumbi za kwenu Moshono lingekufaa. Tatizo langu ni turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada. Ukikanyaga kidogo ukiwa nyuma ya baiskeli, gari linasita, unaongeza mguu, halafu nguvu inakuja yote kwa pamoja. Kwenye barabara pana hiyo ni raha. Mita tatu nyuma ya mzee mwenye madumu ya maziwa, hapana. Na lile bawa kubwa la nyuma linakata kioo cha ndani katikati, mahali hasa ambapo bodaboda na baiskeli hutokea.

Imebaki 86. Ilianza kuuzwa mwaka 2012, injini yake ya sisi 1,998 imetengenezwa na hao hao Subaru, silinda zimelazwa bapa ili uzito ukae chini. Haina turbo, kwa hiyo nguvu inafuata mguu wako bila kukushtukiza. Ni nyepesi, tani moja na robo hivi, na gari jepesi hukubali kusimama. Kama ningekuwa mimi ninayelipa, ningelipia hilo. Lakini lina kasoro mbili ambazo muuzaji hatakutajia. Nguzo zake za nyuma ni nene na kiti kiko chini, kwa hiyo bega lako la kushoto nyuma kuna mahali baiskeli nzima inapotea. Na milango yake ni miwili tu, ndiyo maana ni mirefu.

Mlango mrefu, mwanangu, ni jambo zito. Ukiegesha Levolosi pale na kuufungua kwa haraka, umeziba nusu ya njia ya mtu anayekuja nyuma yako kwa baiskeli. Hana pa kwenda. Atagonga ukingo wa mlango kwa kifua, au atakwepa kulia aingie chini ya Fuso. Kuna dawa yake na haigharimu kitu: mlango wa dereva ufungue kwa mkono wa kushoto. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto ukivuka kwenda kwenye kitasa, mwili mzima unageuka, na macho yanatazama nyuma hata kama hukukusudia. Uholanzi watu wanafundishwa hivyo, kufungua kwa mkono ulio mbali na mlango. Abiria wako naye atumie mkono wa kulia. Ifanye mpaka mkono wenyewe uzoee.

Sasa nikueleze watu wa baiskeli, maana hapo ndipo nilipokula chumvi. Dereva akimwona anayeyumba husema amelewa. Baiskeli inasimama kwa sababu mwendeshaji anageuza usukani kidogo kidogo kufuata upande inakotaka kuangukia. Ikiwa kwenye mwendo, kule kugeuza ni kudogo hata hukuoni. Ikienda polepole lazima ageuze zaidi. Mfungie mikungu miwili ya ndizi kwenye keria, mpe kimlima cha kupanda kwenda Shanty Town, na atahitaji upana wa mita nzima ili tu asianguke. Upana huo ni wake. Ukimpita ukiwa umemkaribia ukisema "nafasi inatosha", umepima usukani wake, hukupima mwendo wake.

Na kukaa kwake mbali na ukingo wa barabara kuna sababu. Kando ya lami huwa kumeliwa na mvua, kuna kingazi cha kushuka kinachotosha kupindua gurudumu. Kuna mchanga, kuna misumari, kuna bajaji zinazopakia. Matairi wanayoniletea yakiwa yamepasuka ubavuni, mengi yamepasukia hapo ukingoni baada ya mtu kupigiwa honi akashuka. Usimpigie honi ili ashuke. Mwenye mzigo hawezi kugeuza shingo bila baiskeli kufuata, honi ya ghafla inamfanya ageuke kuelekea kwako. Subiri nyuma yake, njia ikifunguka mpite mbali. Uingereza mwaka 2022 waliandika kwenye kanuni zao za barabarani kwamba baiskeli ipitwe kwa nafasi ya mita 1.5 angalau, na zaidi kama una kasi. Ufaransa ni mita moja mjini na moja na nusu nje ya mji. Wewe fikiria mlango wako mrefu ukiwa wazi kabisa kati yako na yeye, kisha ongeza kidogo.

Masika yakija, kumbuka rimu. Baiskeli nyingi ninazotengeneza bado ni Phoenix, rimu zake ni za chuma zenye kromu. Zikilowa, raba za breki zinateleza juu yake, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla breki haijaanza kushika. Kijana anayeshuka kutoka Kibosho na mzigo kwenye mvua hawezi kusimama hata akitaka. Kwa hiyo usimpite kisha ukakata kushoto mbele yake kuingia dukani au kituo cha mafuta. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila siku pale karibu na kipilefti cha YMCA, na wanaolifanya ni watu wazima wenye leseni. Kama unakaribia kukata kushoto na baiskeli iko mbele yako, baki nyuma. Utachelewa kidogo tu.

Jambo la matuta nataka ulisikilize vizuri, kwa sababu linahusu gari lako moja kwa moja. Tuta likijengwa, pembeni huachwa uwazi mdogo ili maji yapite. Uwazi huo ndiyo njia ya baiskeli. Mwenye gari lililoshushwa anaogopa bampa lisikwaruzwe, basi anasogea kushoto apitishe gurudumu moja kwenye uwazi huo, bila kutazama. Vijana watakushauri ushushe 86 ili ivutie. Ile tayari ipo chini ilivyotoka kiwandani. Ikishushwa tena, kila tuta la Njiro litakulazimisha kuiba njia ya mtu. Ipande matuta kwa mshazari, taratibu, ukiwa katikati ya njia yako.

Na vioo usiviweke giza. Penye makutano yasiyo na taa, mtu wa baiskeli anatafuta macho ya dereva. Akiyaona anajua ameonekana, anapita au anasimama. Akiona kioo cheusi anabahatisha. Pia nunua vile vioo vidogo vya duara vya kubandika kwenye vioo vya pembeni, vinauzwa kila mahali, vitakusaidia kwenye ile nguzo nene.

Spidi najua hupendi kuambiwa, ila tazama hesabu hii. Kwa 50, ambayo ndiyo sheria ya kwenye makazi, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, halafu kwenye lami kavu unahitaji mita nyingine kama 14 mpaka usimame. Jumla 28. Kwa 80 inakuwa kama mita 57. Umeongeza 30 tu na umbali umekuwa mara mbili. Kwa 30 ni kama mita 13, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale ambapo miguu, baiskeli na magari vimechanganyika. Kwangu hiyo ni Ngarenaro yote na Sokoine Road yote. Ukiwa unakuja nyumbani kuwa macho zaidi ukishapita Tengeru: kutoka Sakina umezoea njia nne, halafu barabara inabana, na watu wa Usa River na Maji ya Chai wanarudi kutoka shambani jioni, wengi hawana taa. Hapa kwangu kila baiskeli inayotengenezwa inatoka na rifleta nyekundu nyuma, mteja alipe au asilipe. Lakini siwezi kuwafikia wote, na taa zako kali haziangazi kitu usichokitazama.

Kwa hiyo usilipe chochote kwenye yadi kwa sasa. Jumamosi nitapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Tutaazima baiskeli, wewe utakaa kwenye kiti cha 86, mimi nitaizungusha taratibu pande zote za gari, nawe utaniambia kila mahali ninapopotea. Kisha tutaliendesha saa ambayo barabara imejaa. Kama ukikaa humo shingo inakuuma kwa kugeuka, au huwezi kuona bega lako la kushoto hata kwa vile vioo vidogo, tutaliacha na kutafuta jingine, na sitajali kama muuzaji atanuna.

Mwambie mpangishaji wako kwamba nitalala siku moja. Mama yako anatuma kibuyu cha mbege kwa shangazi yako wa Sakina, kwa hiyo tutapitia huko kabla ya kwenda yadi.

Baba yako,
Moshi