Funga Duka Siku Moja Twende Tukaonane na Wenzetu

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na wote nyumbani hawajambo. Sisi tu wazima.

Barua yako niliirudia kwa sababu ya ile aya ya mwisho, uliposema mauzo yameshuka, hujui tatizo ni bidhaa, ni bei au ni wewe mwenyewe, na kwamba umeanza kufikiria kulifunga duka. Hapo hapo ukaongeza kuwa ule mkutano wa wauzaji wa mtandaoni niliokualika hutakwenda, kwa kuwa wateja wako hawako kule, wako kwenye simu. Nataka nikujibu hapo, maana naona mambo hayo mawili yameshikana kuliko unavyodhani.

Ni kweli wateja wako hawako kule. Wala hatuendi kutafuta wateja. Tunakwenda kutafuta wenzetu: watu wanaofunga mizigo usiku kama wewe, wanaosumbuana na wasafirishaji kama wewe, wanaofumbua macho asubuhi na jambo la kwanza ni kutazama kama kuna oda. Mteja wa mtandaoni huona picha, husoma maelezo, hulipa, akaenda zake. Umezungukwa na maelfu ya wafuasi, lakini mtu wa kukuambia "mwezi huu hata mimi nimeshuka, usijilaumu" huna. Hilo ndilo linaloniuma nikisoma barua yako.

Kumbuka yaliyotokea mwaka 2021. Mwezi wa nne Apple ilitoa iOS 14.5, toleo jipya la mfumo unaoendesha simu zake, na simu za iPhone zikaanza kumuuliza mwenyewe kama anaruhusu programu imfuatilie anapopita kwenye programu na tovuti nyingine. Wengi walikataa. Matangazo ya Facebook na Instagram, ambayo wauzaji wadogo walikuwa wakiyategemea, yakapoteza shabaha. Mapema mwaka uliofuata Meta yenyewe, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilikadiria kwamba badiliko lile lingeipunguzia mapato ya dola bilioni 10 hivi kwa mwaka 2022. Sasa mfikirie muuzaji aliye peke yake chumbani, tangazo lililokuwa likimletea oda kila siku limenyamaza. Atabadilisha picha. Atashusha bei. Atalala akiamini watu wameichoka bidhaa yake. Aliyekuwa na wenzake wanne au watano wa kuketi nao, na wote wakawa na kilio kimoja, alikuwa na nafasi ya kuelewa mapema kwamba kilichobadilika hakikuwa bidhaa yake, akaelekeza nguvu kwa wateja wa zamani ambao namba zao alikuwa nazo mkononi.

Najua utaniambia kwamba habari hizo zimo kwenye makundi ya WhatsApp. Zimo, na mimi nayasoma. Lakini tazama watu wanavyoandika humo. Katika kundi la watu mia mbili, wapo washindani wako, wapo wasambazaji wako, na kila neno laweza kupigwa picha likasambazwa. Nani ataandika kwamba robo ya mizigo yake inarudishwa? Nani atamtaja msambazaji aliyempa mali mbovu? Watu huposti ushindi, na wewe unayesoma usiku ukiwa umechoka unajiona ndiye pekee unayezama. Wakae watu wale wale watatu kwenye meza moja kwa nusu saa, utasikia mengine kabisa. Ana kwa ana mtu hukutazama, hukupima, akiona u mtu wa kuaminika hukwambia na lile ambalo hataliandika popote.

Tena yapo mambo ambayo hayaonekani kwenye kioo cha simu hata yaandikwe vipi. Katika mkutano mmoja nilikaa karibu na kijana anayeuza taa za mezani. Alikuwa na mzigo wake mmoja, umefungwa tayari kama anavyomtumia mteja, akilalamika kwamba nauli ya ndege inamla faida yote. Mama mmoja aliyezoea kazi hii akaomba auone. Hakuuliza kitu. Akaubonyeza katikati kwa kidole gumba, boksi likaingia ndani. Akautikisa karibu na sikio. Kisha akatoa futi kwenye mkoba, akapima: sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Nyuma ya risiti akaandika hesabu. Wasafirishaji wengi wa anga hawatazami uzito wa mizani peke yake. Hutazama pia uzito wa ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo, ukagawanya kwa 5,000, na hutoza ule ulio mkubwa. Kwa boksi lile ni kilo 4.8, na taa ilikuwa na kilo mbili tu. "Hapa unasafirisha hewa," akamwambia, akachora boksi la 30 kwa 25 kwa 15, ambalo linakuja kilo 2.25. Akamwonyesha pia namna ya kuutoa mwavuli wa taa na kuulaza pembeni ili taa nzima iingie. Hayo yote yalichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kukuandikia. Kijana yule alikuwa ameuliza mtandaoni kuhusu nauli kwa muda mrefu, akijibiwa "tafuta kampuni nyingine", kwa sababu hakuna aliyewahi kulishika boksi lake.

Jambo hili limechunguzwa na wasomi pia. Mmarekani Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Kati ya kila 100, ni kama 17 tu walioambiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki waliambiwa na watu wa kuonana nao mara moja moja, wengine kwa nadra sana. Sababu yake inaingia akilini: mimi na wewe tunajua mambo yale yale, tunasikia habari zile zile. Mtu wa mbali kidogo ndiye mwenye habari usizokuwa nazo. Na mwaka 2017 Mahdi Roghanizad na Vanessa Bohns walichapisha jaribio ambalo watu 45 walitumwa kila mmoja kuwaomba watu kumi wasiowajua wajaze fomu ya maswali, wengine kwa barua pepe, wengine uso kwa uso, kwa maneno yale yale. Waliokwenda wenyewe walifanikiwa mara 34 zaidi. Mwenzangu, mara 34! Na walioandika barua pepe walikuwa wamedhani watafanikiwa karibu sawa na wenzao. Ndiyo maana nikikusikia ukisema "nimewaandikia wasambazaji kumi, hakuna aliyejibu", sioni kama bidhaa yako imekataliwa. Hawajakuona tu.

Hata eBay, kampuni ambayo biashara yake yote iko mtandaoni, mwaka 2002 iliwakusanya wauzaji na wanunuzi wake Anaheim, California, waonane kwa macho.

Sitakudanganya kwamba kila mkutano una faida. Ile ya kukaa tangu asubuhi mkimsikiliza mtu jukwaani, mwisho wake anawauzia kozi, achana nayo. Mimi hutazama ratiba kwanza: kama hakuna muda mrefu wa mapumziko, siendi, kwa kuwa kazi yenyewe hufanyika kwenye mapumziko. Midogo ya watu ishirini au thelathini ni mizuri kuliko mikubwa, hasa kwako wewe usiyependa makelele. Na kuhusu haya yako, ninayo dawa moja niliyoiona ikifanya kazi: omba kusaidia mezani pa kuandikisha majina. Watu watakuja kwako wenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja atakutajia jina lake na anachouza. Kufikia mchana utakuwa unajua nani ni nani bila kumkimbilia mtu yeyote.

Kadi za biashara sizitilii mkazo. Beba mzigo wako mmoja uliofungwa kabisa, na beba swali moja la kweli. Usiulize "nikuze vipi biashara yangu?", hilo halina jibu. Uliza kama lile uliloniandikia: kwa nini wateja wanaweka bidhaa kwenye kikapu kisha hawalipi? Mwambie mtu alifungue duka lako kwenye simu yake, siyo yako, na uangalie kidole chake kinakwama wapi. Kesho yake mwandikie aliyekusaidia, mtajie neno alilokwambia na ulichokifanya nalo. Hapo simu ina kazi yake nzuri sana, kuendeleza kujuana kulikoanza mezani. Na wewe pia utoe. Unajua kupiga picha za bidhaa kwa mwanga wa dirishani kuliko watu wengi ninaowafahamu. Kuna mtu atakayekuja na tatizo hilo hilo, na akishapata msaada wako atakutaja mahali ambapo wewe haupo.

Kuhusu kazi za siku hiyo, weka tangazo dukani mapema kwamba oda za Jumamosi zitatumwa Jumatatu. Wateja huvumilia wakiambiwa kabla. Mizigo ya Ijumaa nitakuja tuifunge pamoja jioni, ili uondoke asubuhi huna deni.

Uamuzi wa kufunga duka nakuomba uuahirishe mpaka umekaa na watu hawa. Yule mama wa boksi atakuwepo, nimeshamwambia habari zako na ameniuliza unauza nini hasa. Niletee jibu kabla ya Jumatano, maana nafasi ni chache na nataka kuandikisha majina yetu sote wawili. Na uniambie pia boksi lako lina vipimo gani.

Wasalimie wote.

Ni mimi mwenzako akupendaye.