Mlango unalindwa, kanisa halilindwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi mwashi mstaafu wa Ipogolo, Iringa. Wajukuu wakija likizo huwa nawapeleka Kalenga waone fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha tunapanda Tosamaganga. Misheni ile waliianzisha Wabenedikto wa Kijerumani miaka ya 1890, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaipokea Wakonsolata wa Italia. Watoto hutazama madirisha. Mimi hutazama kona za ukuta, maana fundi humjui kwa lipu, unamjua kwa kona.

Kilichonisukuma kuandika ni ukarabati. Majuzi niliingia katika kanisa moja kongwe la huku kwetu, silitaji, nikakuta ukuta umepigwa lipu ya saruji toka chini hadi usawa wa kifua, na juu yake rangi ya mafuta inang'aa. Waumini wamefurahi, na siwalaumu, wamechanga. Lakini tofali la kuchoma la zamani ni laini na hunyonya maji ya ardhini. Likiwa limejengewa udongo au chokaa, unyevu hupumua ukatoka taratibu. Ukiliziba kwa saruji, maji yanakwama ndani, tofali linalika nyuma ya lipu huku nje kukionekana safi. Baada ya masika kadhaa lipu inabanduka na uso wa tofali, na hapo utasikia wazee wa kanisa wakisema jengo limechoka, tujenge jipya.

Sheria je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale likiwa limejengwa kabla ya 1863. Kwa misikiti ya Kilwa, sawa. Huku kwetu Wamoravian, miongoni mwa wamisionari wa kwanza, walifika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo hakuna kanisa hata moja la Nyanda za Juu Kusini linalofikia kigezo hicho. Hata ngome ya Kalenga, ambayo Wajerumani waliipiga mizinga Oktoba 1894, mwaka 1863 ilikuwa haijajengwa. Cha ajabu, sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Wapwani wana bahati na milango yao.

Waziri wa Maliasili na Utalii ana mamlaka ya kulitangaza jengo lenye thamani ya kihistoria lilindwe, hata kama ni la juzi. Namwomba aanze na misheni za Tosamaganga na Rungwe, kisha mwaka huo wa 1863 upelekwe bungeni ubadilishwe. Wakati tunasubiri, maparoko na wachungaji wamwite mtaalamu wa Mambo ya Kale autazame ukuta kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Chokaa bado inapatikana, na mafundi wanaojua kuichanganya tupo, ingawa wengi wetu sasa tunatembelea fimbo.

Fundi mwashi mstaafu,
Ipogolo, Iringa