Kabla hujabonyeza "sasisha" kwenye ruta yako

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ruta inaniambia kuna toleo jipya. Nibonyeze?"

"Usibonyeze kwanza, mama. Nipe mpaka jioni nisome."

Mama huyu ana gesti Shangani, hapa Mtwara mjini. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho umeanza, vyumba vimejaa, na kila mgeni ananunua vocha ya WiFi mapokezini. Akaniuliza swali la haki kabisa: unasoma nini mpaka jioni, na kitufe ni kimoja tu? Makala haya ni jibu lake.

Ruta nyingi tunazofunga sisi mafundi wa mtandao ni za MikroTik, kampuni ya Latvia. Kila toleo jipya la programu yake, RouterOS, hutoka na orodha ya mabadiliko. Mistari mingi humo haimhusu mwenye duka wala mwenye gesti. Sisi tunatafuta kwanza mistari inayoanza na alama ya mshangao, maana hayo ndiyo mabadiliko makubwa. Kisha tunafungua nyaraka zenyewe, ukurasa wa kipengele husika, tukiwa na mipangilio ya mteja pembeni. Orodha hukwambia kitu kimebadilika. Ufanyeje, hilo utalikuta kwenye nyaraka.

Tulijifunza haya kwa kumuumiza mteja. Ilikuwa Mikindani, ofisi yenye laini mbili za intaneti, moja ya kazi na moja ya wageni. Ruta ya zamani ilikuwa na toleo la 6, mpya ilikuja na la 7. Tukachukua faili la mipangilio ya zamani tukalimwaga kwenye mpya. Mistari ya kugawa laini ikakataliwa. Tukakagua waya, tukashuku modemu, tukapiga simu kwa mtoa huduma, mchana ukaisha. Jibu lilikuwa kwenye nyaraka muda wote huo: katika toleo la 7, jedwali la njia, yaani orodha inayoiambia ruta data ipite laini ipi, lazima uliunde kwanza kwa jina lake na kuliwekea neno fib, ndipo uweze kulitaja kwingine, na kwenye orodha ya njia, palipokuwa na routing-mark sasa panaandikwa routing-table. Kazi ya dakika kumi. Ofisi ile ilirudi hewani baada ya isha, na siku yao ya kazi ilikuwa imekwisha. Kosa lilikuwa letu.

Kuna jambo jingine, dogo kwa macho lakini linauma. Tulizoea kwamba ukiandika amri ya export, ruta inakutolea mipangilio yote kwenye faili la maandishi, nywila zikiwemo. Katika toleo la 7 nywila hazitoki mpaka uongeze neno show-sensitive. Ni uamuzi mzuri, kwa sababu mafaili haya watu hutumiana kwa WhatsApp. Lakini mfikirie fundi asiyejua. Anahifadhi faili lake, ana amani. Radi inapiga, ruta inaungua, analeta mpya na kumwaga lile faili. Nywila ya WiFi haimo. Za wateja wanaoingia kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila ya kila mmoja, hazimo. Ataanza kuzunguka mlango kwa mlango.

Hata kupanda matoleo kuna utaratibu. Kuanzia 7.13, sehemu ya WiFi ilitenganishwa na programu kuu ikawa kifurushi chake cha programu. Kifaa kilicho chini ya 7.12 kinatakiwa kipitie 7.12 kwanza, ili kifurushi hicho kiwekwe chenyewe. Anayepakia toleo jipya kwa mkono bila kusoma hapo anaweza kuiwasha ruta akakuta WiFi haipo.

Wapo wateja wanaosema basi bora tusiguse kabisa. Hapana. Mwaka 2018 uligunduliwa udhaifu kwenye Winbox, programu ya kuendeshea ruta hizi. Marekebisho yalitoka Aprili mwaka huo, lakini miezi mingi baadaye ruta nyingi duniani zilikuwa bado zinavamiwa kwa sababu wenyewe hawakuzisasisha. Marekebisho ya usalama hatuyasubirishi, hata msimu ukiwa umepamba moto. Vipengele vipya tu ndivyo vinaweza kungoja gesti ipungue watu.

Tahadhari moja kwa mafundi wenzangu: video nyingi mnazofuata zilirekodiwa enzi za toleo la 6. Angalieni namba ya toleo kabla ya kunakili amri.

Kwa mama tulikwenda Jumatatu saa nne asubuhi, wageni wakiwa wameshatoka. Tulichukua nakala mbili za mipangilio, tukapanda hadi 7.12, kisha tukaendelea. Tukaizima na kuiwasha tena kwa ajili ya programu ya ndani ya ubao, ambayo husasishwa kwa hatua yake tofauti. Vocha ya kwanza tuliijaribu kwa simu yake mwenyewe. Tukamwachia karatasi moja ya Kiswahili, ameibandika nyuma ya meza ya mapokezi: toleo la zamani, toleo jipya, kilichobadilika, na cha kufanya WiFi ikigoma.

Kama upo Mtwara, Lindi au Masasi na ruta yako inakuonyesha toleo jipya, tutumie picha ya skrini yenye aina ya kifaa na namba ya toleo, na utuambie ni saa ngapi mtandao wako hautumiki sana.