Chupa ya stendi haipandishi CD4

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chupa za asali iliyochanganywa na mizizi zinazouzwa stendi hapa Tabora, eti "zinapandisha CD4", yaani seli za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Mwaka jana jirani yangu alinunua moja, akaacha ARV zake, dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi, kabatini miezi minne. Tulipompeleka kupima, CD4 zilikuwa chini ya 200, na kinywa chote kimejaa utando mweupe wa fangasi. Hata uji ulikuwa unamchoma. Inaniuma mpaka leo.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na watu huniuliza: hizo CD4 hutoka wapi? Huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, kwa seli mama zilezile zinazozaa seli nyekundu za damu. Baadhi ya vizazi vyake husafiri na damu hadi kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, karibu na moyo. Ukichinja mwanambuzi utaiona: kinyama laini cheupe, kinapanda mpaka shingoni. Kwa beberu mzee utakuta mafuta tu. Nasi ni hivyohivyo, baada ya kubalehe hunywea. Kazi yake haikujulikana hadi 1961, mtafiti Jacques Miller alipoitoa kwa panya wachanga huko London, akaona kinga yao imeharibika.

Humo ndani kuna mchujo mkali. Seli isiyotambua alama za mwili wake hufa. Inayozing'ang'ania kupita kiasi, ambayo ingekuja kumshambulia mwenye mwili, nyingi yake nayo huondolewa. Katika 100 hazifuzu hata 5. Zinazofuzu ndizo seli T: CD4 zinazoongoza kinga, na CD8 zinazoua seli zilizovamiwa na virusi.

Sasa virusi vya Ukimwi huingia humohumo ndani ya CD4 na kuziangamiza. ARV huvizuia visizaliane, na hapo ndipo seli mpya hupata kuishi, idadi ikapanda. Asali yetu naipenda, nimekua nayo, ila kazi hiyo haiiwezi, na anayeiuza kwa jina hilo anawatoa watu kwenye dawa.

Jirani amerudi kwenye dozi. Chupa yake ninayo, nusu imebaki, haina lebo wala tarehe. Maofisa wa afya wa manispaa wakiihitaji, nitaipeleka mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora